Msalaba Uliotupa Kivuli Upande wa Mto

Mama Kemunto wangu,

Sijui kama bado una kaburi. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda watu wanaozunguka, na kwa sababu tangu leo asubuhi sijapata neno lingine la kuanzia. Kibet alituma picha ya mahali ulipolala, akasema ameipiga saa hiyohiyo. Niliitazama kwa macho ya mtu aliyefundisha watoto kuchora karibu maisha yake yote, nikaona kwamba picha hiyo haikupigwa mwezi huu wa Desemba.

Nitakueleza nilivyojua, lakini kwanza nikueleze Kibet, maana humjui. Ni mtoto wa mwisho wa Bot Chebet, mama yule Mkipsigis jirani yetu wa ng'ambo ya ua wa michongoma, na alizaliwa baada ya sisi kuondoka. Wewe ulikufa kwa ugonjwa wako, kitandani mwako. Tulikuzika upande wa kushoto wa nyumba kama desturi yetu inavyotaka, na upande wa kulia ukabaki wazi ukiningoja mimi. Halafu yakaja yale ya baada ya kura. Hukuyaona, nami hushukuru kwa hilo hata siku ambazo sina la kushukuru. Nyumba ilichomwa, tukatoka na nguo za mwilini, na tangu hapo naishi hapa Keroka. Mtu akitoka hapa asubuhi na flaski ya chai, anafika Roret chai ikiwa bado moto. Sijarudi hata mara moja. Aliyebaki akifyeka nyasi kwenye msalaba wako ni Bot Chebet. Alipokufa, Kibet aliishika kazi ile bila kuombwa, na kila mwaka kabla ya Krismasi hutuma picha kwenye simu ya Kemunto.

Unajua tunavyohesabu sisi. Nyumba yaweza kuungua na boma likaitwa boma bado, mradi kaburi lipo. Kaburi likiondoka kinabaki kipande cha ardhi tu, na kipande cha ardhi hakikosi wenyewe.

Wewe ndiye uliyenifundisha kutilia shaka kitu kisicho na kivuli. Unakumbuka ile hoteli ya Roret iliyonipa kazi ya kuchora mti na ng'ombe ukutani, ili wapita njia wajue chai yake ni ya maziwa? Ulipita ukitoka kupeleka majani ya chai kituoni, kapu tupu mgongoni, ukasimama ukashika kiuno.

"Baba Kemunto, huu mti umekosa nini mpaka ukanyongwa?"

"Umenyongwa vipi?"

"Miguu haigusi chini. Na huyu ng'ombe naye anaelea. Atakayemkama atapanda ngazi?"

Mwenye hoteli alicheka mpaka akaweka birika chini. Mimi nilikasirika mpaka jioni. Kesho yake nilirudi na brashi, nikapaka doa la giza chini ya mti, limelalia upande mmoja, na mti ukashuka ukasimama. Nikafanya vivyo hivyo kwa ng'ombe. Sikuwa nimegusa hata jani moja la mti ule. Baadaye nilisoma kwamba jicho haliamini kitu kimekaa ardhini mpaka liambiwe na kivuli, na kwamba wachoraji wa ng'ambo walijua hilo zamani. Walikaa karibu na dirisha lililo kushoto, kwa hiyo katika picha zao mwanga hutoka juu kushoto. Mimi nami nikawafundisha watoto wetu hivyo: mwanga juu kushoto, kivuli chini kulia. Darasa lenyewe lilikuwa na madirisha kulia. Hakuna aliyeuliza, isipokuwa wewe, siku moja ukimenya viazi: "Kwani huko kwao jua halisogei?"

Nakumbuka pia ile alasiri ya mvua ya mawe. Tulikuwa tunachuma pamoja, na michai ilikuwa imekatwa sawasawa, bapa kama meza, mlima mzima. Juu ya meza ile kivuli cha wingu huonekana mwanzo na mwisho wake. Tulikiona kikitokea ng'ambo ya bonde na kushuka kwa haraka isiyokuwa na sauti, na wachumaji waliokuwa wakiimba chini yetu wakanyamaza safu kwa safu, kadiri kilivyowafikia. Hakikuwa cheusi. Kilikuwa kijani kilichozidi kuiva, na buluu ndani yake. Ulikitazama ukasema, "Kile kimekunja ngumi." Tulikimbia. Jioni tulikuta majani yamechanwa mpaka kwenye vijiti, na wewe ukakaa mlangoni bila kuvua gambuti.

Kisha kanisa likaniomba nichore ukutani Bwana akiingia Yerusalemu. Nilikataa kuchora nyuso za vitabuni. Nilitaka apite kati ya michai, na umati uwe watu wetu wa Roret. Kwa hiyo niliwasimamisha uani mwa kanisa mchana, mmoja mmoja, nikawachora pamoja na vivuli vyao kama vilivyolala chini. Majirani zetu Wakipsigis walisimama mwezi wa sita na wa saba, mahindi yakiwa bado shambani. Watu wetu wa Kisii waliokuwa vibarua kwenye mashamba makubwa hawakupata nafasi mpaka likizo ya Desemba. Ndivyo upande mmoja wa ukuta ulivyojaa wale, na upande wa pili ukajaa hawa, na Bwana juu ya punda katikati. Sikupanga mimi. Likizo ndiyo iliyopanga.

Jumapili ya kuufungua ukuta, watu walisifu, kisha wakapoa. Kitu kiliwasumbua na hakuna aliyeweza kukitaja. Unamkumbuka mzee wa kanisa aliyevaa koti la mvua hata kiangazi? Alisogea karibu, akarudi nyuma, akaniita.

"Mwalimu, hii ukuta iko na jua mbili."

"Mbili wapi, mzee?"

"Wewe angalia. Hawa kivuli yao inalala upande ya mto. Hao wengine, upande ya barabara. Sasa Yesu hapa katikati atafuata nani?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Atafuata wewe, mzee, uko na koti ya kutandikia punda!" Uwanja mzima ukacheka. Wewe hukucheka. Ulikuwa ukiutazama ukuta kama ulivyolitazama lile wingu.

Tulipofika nyumbani nilikusimamisha uani. Kivuli chako kilielekea barabarani. Nikasema mwezi wa sita nilimchora jirani yetu palepale kanisani na kivuli kikaelekea mtoni, naapa. Ndipo ukakumbuka kwamba katikati ya mwaka huwa unahamisha mkeka wa kuanikia wimbi kwenda mbele ya nyumba, na mwisho wa mwaka unaurudisha nyuma, kwa kufuata jua, na kwamba hukuwahi kujiuliza kwa nini. Tulisimama pale tukielewa pamoja. Sisi tunaishi mahali ambapo jua hupita juu ya paa na kubadili upande. Nusu ya mwaka linakaa upande wa barabara, nusu upande wa mto. Wale wachoraji wa dirisha la kushoto wasingeweza kukosea kama nilivyokosea, hata kama wangetaka. Kosa lile lilihitaji mtu wa huku, anayeanza umati mwezi wa sita na kuumaliza Desemba.

Kamati ilitaka nirekebishe. Nilivifuta vivuli vya Desemba, vya watu wetu, nikikusudia kuvichora upya vifanane na vya wenzao. Shule ikafunguliwa, mvua ikaanza, na wewe ukaanza kuumwa. Siku moja tukitoka hospitali ulisimama mbele ya ukuta ule, umeniegemea, pumzi fupi.

"Umewaondoa ardhini watu wetu."

"Nitamaliza."

"Maliza haraka."

Sikumaliza. Ulikufa, na kabla sijapata nguvu ya kushika brashi yakaja yale, na waliokuwa wakielea ukutani ndio waliofukuzwa. Hadi leo wapo watu hapa Keroka wanaosema mwalimu aliona mapema. Sikuona chochote. Nilichora nilichokiona, kisha nikafuta nusu yake. Ukuta wenyewe ulishapakwa chokaa.

Sasa rudi nami kwenye picha ya Kibet. Inaonyesha msalaba wako na jina lako kwenye simiti, na nyuma yake barabara na chai ya shamba kubwa. Kivuli cha msalaba kinakuja mbele, kinamwelekea mpiga picha, upande wa mto. Desemba, Mama Kemunto. Desemba kivuli chako mwenyewe kilielekea barabarani. Nilimwomba Kemunto ampigie.

"Chamgei, mwalimu," alinisalimu kwa Kikipsigis.

"Chamgei, Kibet. Hii picha umeipiga lini?"

"Sahi sahi, mwalimu."

"Basi simama hapo penye msalaba, uniambie kivuli chako kinaenda wapi."

Nilisikia kuku, kisha mlango ukifungwa.

"Mwalimu, huku mvua imeanza."

"Na mabati yenu siku hizi hayalii?"

Nilimsikia akihema. Kijana yule si mwongo mzoefu, na hilo lilinitisha zaidi kuliko kama angekuwa mzoefu.

"Ile ni ya mwezi wa saba," akasema. "Nilipiga nikaweka. Msalaba nilitoa, mwalimu."

"Ulitoa kwa nini?"

"Watu walikuja. Wakasoma jina. Wakauliza, hii jina inafanya nini hapa? Wengine nawajua, wengine siwajui. Siasa imeanza, na wewe unajua vile inakuwanga. Nikaona afadhali nitoe mimi kuliko watoe wao. Iko kwa stoo, nimefunika na gunia."

"Na yeye?"

"Mama ako tu pale. Hakuna mtu ameguza. Lakini ile simiti inaonekana kutoka barabara. Nilikuwa nataka kukuuliza na naogopa." Akakohoa. "Mwalimu, unaweza niruhusu nipande chai juu? Nimwage udongo, miche iko tayari kwa kitalu, mvua ikikuja napanda. Ikishika, hakuna mtu atajua kuna kitu hapo. Wewe sema tu."

Kemunto alifunika simu kwa kiganja. "Baba, huyu anataka shamba."

Huenda. Au anakulinda kwa njia pekee aliyo nayo. Nimeyageuza mambo hayo mawili kila upande na hayana tofauti ya nje. Anayeficha kaburi ili lisichimbuliwe na anayelifuta ili lisahaulike hutumia jembe lilelile na miche ileile. Nilimwambia sitajibu mpaka aniletee picha ya leo, si ya mwezi wa saba, na asiseme mvua.

Ilifika alasiri. Kemunto aliifungua, akatoa sauti, akaniwekea simu mkononi. Nilichoona ni shimo. Pale ulipolala palikuwa na bonde la urefu wa mtu, ukingo wa juu una giza, ukingo wa chini unang'aa. Hakuna msalaba, hakuna jina. Nilikaa chini. Nilijisikia kama mtu anayezika kwa mara ya pili, na safari hii hana hata mwili.

Kisha nikaona kivuli cha Kibet. Kilianzia chini ya picha na kupanda kuelekea barabarani, mikono imeinuliwa kwenye simu. Maana yake jua lilikuwa mgongoni pake. Maana yake mwanga ndani ya picha ile ulitoka chini, si juu. Jicho letu huamini daima kwamba mwanga unatoka juu, kwa sababu tangu tuzaliwe jua halijawahi kutoka miguuni, na ukiliwekea picha iliyomulikwa kutoka chini litakugeuzia kilima kuwa shimo bila kukuomba ruhusa. Nilikuwa nikiwaonyesha watoto jambo hilo kwa alama ya kwato kwenye matope. Nikaigeuza simu juu chini. Shimo likainuka, Mama Kemunto. Liliinuka mbele ya macho yangu, likawa tuta, refu, la mviringo, limefunikwa udongo mpya ambao sikuwa nimeuruhusu bado, na kona moja ya simiti yako inachungulia. Uko pale. Nilimgeuzia Kemunto naye akaona, akaanza kulia, akaenda kuweka maji jikoni ili nisimwone.

Ningependa barua hii iishie hapo. Lakini niliendelea kuitazama picha ikiwa imegeuzwa, kwa furaha tu, kama mtu anayesoma tena ujumbe mzuri, na ndipo nikaona kivuli cha pili.

Kimelala sambamba na cha Kibet, nyuma kidogo, karibu ukingoni mwa picha. Ni cha mtu mzima mwenye kofia pana. Mkono wake mmoja umenyooka kuelekea tuta lako. Labda anaonyesha. Labda ameshika fimbo. Kivuli hakisemi yote. Kinasema tu kwamba mtu alikuwepo, na kwamba hakutaka kuwa ndani ya picha, na kwamba hakujua kuwa tayari yumo.

Nilimpigia Kibet mwenyewe, Kemunto akiwa jikoni.

"Picha imefika. Asante, mwanangu. Ulikuwa na nani hapo?"

"Peke yangu, mwalimu."

"Peke yako kabisa?"

"Peke yangu tu." Halafu, kwa sauti ya chini ambayo hakuwa nayo asubuhi: "Mwalimu, nipe jibu leo. Usingoje kesho."

Nimekaa na swali hilo tangu jua likiwa upande wa pili wa nyumba. Ningeweza kwenda. Kemunto anataka twende pamoja, tupitie kwa chifu, tusimame pale mchana watu wakiona. Lakini mzee asiyejulikana akishuka Roret na kuulizia kaburi, atakuwa amelionyesha kwa kila mtu ambaye bado hajaliona. Ningeweza kukataa. Kukataa ni kusema simiti ibaki juani, na jina lililoondolewa litakumbukwa na walioulizia. Na kama mtu wa kofia ni wa kutisha, basi Kibet yuko chini ya mkono wake sasa hivi, na jibu la ukaidi kutoka kwangu litamwangukia yeye kwanza. Kama ni mtu mwema, mjomba au jirani aliyekuja kusaidia kubeba udongo, kwa nini Kibet amfiche? Nimetafuta pembe ambayo ningeitazama picha hiyo na kivuli kile kikawa kitu kingine. Nimeigeuza pande zote. Kinabaki mtu.

Kwa hiyo nimemwandikia Kibet neno moja: Panda.

Unajua maana yake kwangu. Chai ikishika mizizi huishi kuliko wajukuu. Watakupita wachumaji wasiokujua, makapu mgongoni, wakizungumza habari za bei na za harusi, na mikono yao itachuma juu ya kifua chako. Hakutakuwa na boma tena, wala kushoto wala kulia. Mimi nitazikwa hapa Keroka, katika kipande alichonunua Kemunto, upande ambao haukungojea mtu. Sijamwambia habari za kivuli cha pili. Angeondoka alfajiri na mapema, na ana hasira yako.

Nilitaka nikuombe ruhusa kabla ya kujibu, lakini wewe ulishanipa majibu yote uliyokuwa nayo, na hili halikuwemo. Nimeamua peke yangu, kwa kuangalia doa la giza kwenye kioo kidogo kuliko kiganja. Kama nimekosea, hutaniambia, na pengine hakuna atakayekuja kuniambia.

Simu inaonyesha ujumbe wangu umesomwa. Haionyeshi umesomwa na nani.

Lala, mke wangu. Na kama mtu akikuita jina lako hapo juu, kwa sauti usiyoijua, usiitike.

Mumeo,
Baba Kemunto